Mnunuzi asomewe mkataba kwa lugha anayoielewa

Kwa wafanyakazi wengi, pesa nyingi kwa pamoja huja mara moja tu maishani, siku ya kustaafu, na umri wa kuzitafuta tena umekwisha pita. Mstaafu akinunua nyumba kwa pesa hizo, akazihesabu zote mezani, taslimu, husema: nimemaliza. Hana deni la benki, wala mwenye nyumba wa kumgongea mlango mwisho wa mwezi. Maoni yangu ni kwamba neno hilo "nimemaliza" lina hatari ndani yake, na kwamba sisi tunaosomea lugha tuna kazi ya kufanya juu ya hatari hiyo. Nitaanza mbali, Marekani, ambako biashara ya nyumba za wastaafu imekomaa, kisha nitarudi hapa kwetu Katanga.

Tarehe 1 Januari 1960, karibu na mji wa Phoenix katika jimbo la Arizona, mjenzi Del Webb alifungua Sun City, mji uliojengwa kwa ajili ya wastaafu peke yao. Katika siku za kwanza watu wapata 100,000 walifika kuzitazama nyumba za mfano. Tangu hapo miji ya namna hiyo imeenea, na mkubwa kuliko yote ni The Villages, katikati ya jimbo la Florida. Sheria ya Marekani ya mwaka 1995 inaruhusu mitaa ya aina hiyo kukataa familia zenye watoto, ikiwa walau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa zina mtu mmoja mwenye miaka 55 au zaidi. Mjukuu anaweza kuja kutembea, lakini siku zake zimehesabiwa katika kanuni.

Wengi wanaohamia huko wameuza nyumba waliyolelea watoto, kwa hiyo wananunua nyumba mpya bila mkopo. Tutazame sasa pesa hizo taslimu zinalipa nini. Zinalipa bei ya nyumba. Katika The Villages, barabara, mabomba na mifereji vilijengwa kwa pesa zilizokopwa na halmashauri ya mtaa, na deni hilo limegawanywa juu ya kila nyumba. Mnunuzi anaweza kulilipa lote siku ya kwanza, au kulipa kidogo kidogo miaka mingi. Asipolimaliza, linabaki juu ya nyumba na kumfuata atakayeinunua baadaye. Juu ya hilo kuna ada ya kila mwezi kwa ajili ya mabwawa ya kuogelea na viwanja vya michezo, hata kwa mzee asiyeogelea. Kuna pia pesa za matunzo ya mtaa, kodi ya nyumba na bima. Katika Sun City vilevile, mnunuzi hutozwa mchango maalumu wakati nyumba inapoingia jina lake, kisha ada kila mwaka. Mwenye nyumba asipolipa malipo ya namna hii, sheria inaweza kufika hadi nyumba yenyewe kuuzwa. Hivyo mzee aliyelipa kila kitu ana nyumba isiyo na mkopo, lakini hana nyumba isiyo na malipo.

Hapa swali la lugha linaingia. Miji hiyo hujiita kwa neno ambalo kamusi zetu hulitafsiri "jamii". Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataandika "jamii ya wastaafu" na kuendelea na sentensi inayofuata. Lakini jamii kwetu ni watu uliozaliwa kati yao au uliowazoea. Hakuna anayekuletea risiti ya kuwa jirani. Jambo linalouzwa kule ni mtaa wenye kanuni, kamati, ada na mpaka wa umri. "Mtaa wa wastaafu wenye ada" si tafsiri tamu, lakini inamwambia msomaji anachokinunua. Jambo hili halitugusi kwa mbali tu. Wakongo wengi wasemao Kiswahili wamepewa makao Marekani kama wakimbizi, Arizona ikiwa mojawapo ya majimbo hayo, na mara nyingi mtoto aliyejifunza Kiingereza shuleni ndiye anayewatafsiria wazazi karatasi za nyumba.

Wabunge wa Florida wenyewe wametambua kwamba maneno yanaweza kumfilisi mtu. Sheria yao inataka mkataba wa mauzo ya kwanza ya nyumba iliyo chini ya halmashauri ya namna hiyo utaje malipo ya halmashauri kwa herufi nzito zinazoonekana wazi. Na pale penye chama cha wenye nyumba, mnunuzi lazima apewe muhtasari wa ada na kanuni kabla ya kutia sahihi; asipopewa, ana siku 3 za kuuvunja mkataba baada ya kuupata muhtasari huo. Sisemi kila mzee wa Florida anasoma herufi hizo. Nasema tu kwamba kule sheria inamlazimisha muuzaji aseme.

Turudi nyumbani. Mwaka 2003, kwa msaada wa Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walitoka kazini katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, kila mmoja na pesa zake za mara moja. Hadi leo, Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, mtu akipata makuta ya mwisho wa kazi, wazo la kwanza ni lupangu na nyumba. Mkopo wa benki wa kununulia nyumba ni wa wachache sana, kwa hiyo karibu kila mtu hapa ananunua taslimu, noti juu ya meza na mashahidi wawili watatu. Baada ya hapo anapewa mukanda.

Neno hili mukanda ndilo linalonitia wasiwasi. Katika Kiswahili chetu cha Katanga, barua ni mukanda na hati ni mukanda. Muuzaji na mnunuzi wakiandikiana karatasi ya mauziano, ule ni mukanda. Mkubwa wa kartie akigonga muhuri kwenye karatasi ya kuthibitisha kwamba fulani anakaa pale, ule pia ni mukanda. Konservatere akitoa cheti cha uandikishaji, nacho ni mukanda. Karatasi tatu zinaitwa kwa jina moja, lakini nguvu zake mbele ya hakimu hazilingani hata kidogo. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema haki juu ya ardhi iliyotolewa na Serikali inathibitishwa na cheti cha uandikishaji peke yake. Na kifungu cha 227 kinaongeza kwamba cheti kikishatimiza miaka 2 hakishambuliki tena. Anayelalamika hubaki kudai fidia tu. Maana yake, mama mjane anaweza kulala miaka mitatu katika nyumba aliyoilipia yote, mukanda wa kartie ukiwa salama chini ya godoro, huku mtu mwingine ana cheti chenye jina lake. Ukimwuliza kama ana mukanda, atajibu ndiyo, na hakusema uongo.

Kitenzi "kununua" nacho kinahitaji kutazamwa. Tunasema "nimenunua udongo". Kifungu cha 53 cha sheria ileile kinasema ardhi ni mali ya Serikali peke yake, na haiuzwi. Mkongo anaweza kupewa haki ya kudumu ya kuitumia, na nyumba iliyo juu yake ni yake. Mgeni hupewa haki ya muda. Wazee wetu husema kwa kifupi, "udongo ni ya Leta", na wanasema kweli kuliko karatasi nyingi za mauziano. Maarifa hayo yako ndani ya lugha yetu tayari. Tatizo ni kwamba mkataba hauandikwi kwa lugha hiyo.

Mkataba unaandikwa kwa Kifaransa. Mnunuzi aliyetumikia mgodi au soko miaka 30 anatia sahihi, au kidole gumba, chini ya maneno aliyotafsiriwa kwa sentensi moja na mtu wa kati ambaye hulipwa biashara ikikamilika. Linganisheni na Katiba ya mwaka 2006. Kifungu cha 18 kinasema mtu akikamatwa aelezwe mara moja sababu za kukamatwa kwake katika lugha anayoielewa. Kwa hiyo mwizi wa kuku ana haki ya kuelezwa kwa Kiswahili. Mstaafu anayetoa akiba ya maisha yake yote hana haki hiyo. Sioni sababu ya kutetea tofauti hii.

Wapo watakaonijibu kwamba Kifaransa ndicho lugha rasmi, na kwamba hakimu atahitaji maandishi ya Kifaransa. Nakubali. Siombi mkataba wa Kifaransa ufutwe. Naomba usindikizwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili, usomwe kwa sauti mbele ya notere na mashahidi kabla noti hazijahesabiwa. Wengine watauliza: Kiswahili kipi, cha vitabu au cha Kenya na Katuba, mitaa yetu? Jibu langu ni kile ambacho mnunuzi anakielewa. Ikiwa neno lupangu linafahamika kuliko "kiwanja", liandikwe lupangu. Wapo pia watakaosema Kiswahili hakina maneno ya sheria. Hilo halisimami. Tanzania, ambako ardhi nayo haimilikiwi na mtu binafsi, watu wanazungumza kila siku juu ya hatimiliki, na mwaka 2021 sheria ya huko ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Maneno yapo, na yasiyotufaa tunaweza kuyabadilisha.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni hili: kumsomea mtu hakumzuii kudanganywa. Ni kweli. Muuzaji mwenye vyeti bandia atasoma ukurasa wa Kiswahili kwa sauti nzuri tu. Lakini mtu aliyesikia kwamba karatasi ya kartie si cheti atauliza swali moja zaidi kabla ya kutoa pesa: cheti kiko kwa jina la nani, na ni lini kitakuwa kwa jina langu? Swali hilo linaweza kuiokoa nyumba.

Napendekeza kwa idara yetu ya Lugha za Kiafrika mambo matatu. Kwanza, baadhi ya kazi zetu za mwisho wa masomo zielekezwe kwenye msamiati wa ardhi na nyumba, kwa kukaa na wenzetu wa Kitivo cha Sheria na kusikiliza wanunuzi wenyewe wanavyosema. Pili, tukubaliane majina matatu kwa ile mikanda mitatu: "karatasi ya mauziano", "karatasi ya kartie" na "cheti cha uandikishaji", na tuyatumie bila kuchanganya katika redio na makanisani, tunakoitwa kutafsiri. Tatu, tuandike ule ukurasa mmoja wenye mambo manne: nani ana cheti leo, ninachonunua ni nini hasa, nitaendelea kulipa nini baada ya leo, na nikigundua kasoro niende ofisi gani.

Jambo la tatu katika ukurasa huo nimelitoa Florida, na linahitajika hapa vilevile. Mnunuzi wa Lubumbashi naye, baada ya bei, anadaiwa gharama za kuhamisha cheti na kodi ya kila mwaka, na hazikutajwa siku ya kunywa soda ya mauziano. Ukurasa huo tunaweza kuumaliza kabla ya mwaka huu wa masomo kwisha. Walimu watusahihishe; kisha tuupeleke kwa manotere, tukaone nani atakataa kuusoma, na kwa sababu gani.