Kamera Ikisinzia, Nani Atakesha?

Juma lililopita tulizungumza kuhusu kufuli na komeo. Leo tumgeukie mlinzi wa kisasa, yule asiyeomba chai wala kudai mshahara mwisho wa mwezi: kamera ndogo ya betri inayofungwa juu ya mlango au kwenye nguzo ya lango.

Wengi wameipenda kwa kuwa haihitaji nyaya ukutani, na hata mpangaji anaweza kuhama nayo. Lakini mlinzi huyu ana kasoro moja. Bawabu akisinzia utamsikia akikoroma. Kamera ikisinzia itabaki pale pale, jicho wazi, nawe utalala ukidhani unalindwa. Aghalabu mwenye nyumba hugundua kwamba haikuwa ikinasa lolote siku ile anapoitafuta picha ya mwizi na kuikosa.

Ndiposa nasema, usikimbilie kusema imeharibika. Kamera ya betri ina mambo manne: hupata nguvu, huhisi mtu, hunasa picha, kisha hutuma habari kwenye simu yako. Tafuta ni lipi limekwama.

Tuanze na nguvu. Ikiwa kamera haiwaki kabisa, iteremshe uichaji kwa saa kadhaa, ukitumia waya uliokuja nayo. Waya uliochakaa unaweza kuwasha taa ya kuchaji ilhali umeme unaopita ni haba. Jaribu waya mwingine, chaja nyingine na soketi nyingine kabla ya kuilaumu betri.

Je, inawaka lakini chaji inaisha baada ya wiki mbili ilhali maandishi ya kasha yaliahidi miezi? Angalia inatazama wapi. Ahadi hiyo hukadiriwa kwa matukio machache kwa siku. Ukiielekeza barabarani, kila matatu na kila bodaboda itaiamsha. Igeuze itazame lango lako, na upunguze urefu wa kila video. Hapo utakuwa umepata faida mbili: betri itadumu, na jirani hatanaswa akianika nguo zake.

Wenye paneli ya sola nao wakumbuke kwamba ikweta inapita nchini mwetu. Jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini mwezi Juni, na upande wa kusini mwezi Desemba. Kwa hivyo paneli ilazwe ikitazama juu, ikiinama kidogo tu ili mvua ioshe vumbi. Mawingu ya Julai jijini Nairobi na nyanda za juu hupunguza chaji, basi usishangae ikibidi kuisaidia kwa chaja ya nyumbani.

Hapa pana onyo. Betri iliyofura isichajiwe tena, isitobolewe wala kutupwa motoni. Iweke mbali na watoto na vitu vinavyoshika moto, kisha uipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki.

Pili ni kuhisi. Kamera nyingi za aina hii hulala ili kuhifadhi betri, na huamshwa na kihisi kinachotambua joto la mwili likisogea. Kihisi hicho humwona upesi anayekatiza mbele yake kuliko anayemjia moja kwa moja. Kwa hivyo usiifunge ikitazamana na njia ya kuingilia; ifunge pembeni ili mgeni aikatize. Ukiiweka nyuma ya kioo cha dirisha, joto la mtu aliye nje halitaifikia. Na mchana wa jua kali, kama kule Garissa au Lodwar, ukuta na ardhi hukaribia joto la mwili wa binadamu, ambalo ni digrii 37 hivi, na kihisi hupata shida kutofautisha. Ongeza wepesi wake wa kuhisi kwenye programu ya simu.

Ikiwa video zinaonyesha mgongo wa mtu tu, kamera inachelewa kuamka. Ielekeze mahali atakapotembea hatua kadhaa, si pale anapopita mara moja na kutoweka.

Tatu, kunasa. Picha ya usiku ikiwa nyeupe kama ukungu, mara nyingi mkosaji ni buibui. Mwanga wa kamera huvuta wadudu, naye buibui hufuata chakula chake na kutanda utando mbele ya lenzi. Pangusa kwa kitambaa laini. Tazama pia kama ukuta mweupe au ukingo wa paa uko karibu mno, maana hurudisha mwanga ule kwenye lenzi.

Picha zisipohifadhiwa, angalia kadi ya kumbukumbu. Huenda imejaa, imechakaa, au ni bandia inayodai nafasi isiyokuwa nayo. Hamisha video unazozihitaji, kisha uifute kadi yote kupitia programu ya kamera. Wanaolipia hifadhi ya mtandaoni wahakikishe malipo hayajakwisha.

Nne, kutuma. Swali la kwanza: je, umebadilisha ruta au nenosiri la waifai hivi karibuni? Kamera haitajua mpaka uiunganishe upya. Swali la pili: je, ruta yako inatoa mawimbi ya gigahezi 2.4? Kamera nyingi za betri hutumia hayo tu, hazisomi yale ya gigahezi 5. Swali la tatu: kuna kuta ngapi katikati? Mawe na mabati huyadhoofisha mawimbi. Lete kamera karibu na ruta. Ikifanya kazi hapo, kamera ni nzima, kosa ni umbali. Mwisho, tazama simu yenyewe, kwani mpangilio wa kuokoa betri ya simu huweza kuzuia arifa.

Msomaji, usisahau stima. Ikipotea, kamera itabaki hai kwa betri yake, lakini ruta itazimika na hutapata habari yoyote. Na giza ndilo rafiki wa mwizi. Inunulie ruta betri ndogo ya akiba, na uweke kadi ndani ya kamera ikiwa ina nafasi yake.

Mengine yote yakikataa, bonyeza kitufe cha kuanzisha upya kama kitabu cha maelezo kinavyoagiza, kisha uiunganishe kama mpya.

Lakini dawa kubwa kuliko zote haina gharama. Kila mwanzo wa mwezi, na kila unapojiandaa kwenda mashambani kwa Pasaka au Krismasi, pita mbele ya kamera mara mbili, mchana na usiku. Zima ruta, upite tena. Kisha fungua video uone kama sura yako inatambulika na kama saa iliyoandikwa ni sahihi. Usipojiona wewe, hutamwona mwizi.

Tahadhari kabla ya hatari, wahenga walisema. Hadi Jumapili ijayo, lala salama.