Fundi, huo waya wa nyumba utoe kwenye gari

Najua wengi mlitegemea leo niandike habari za bumu na foleni ya kafeteria, lakini hizo mtazisoma kila mahali. Leo nina neno na mafundi wa kwetu, kuanzia Kasulu mpaka Kibondo, na zaidi na wenye magari wanaowalipa.

Kwenye magari ya zamani, tuseme Land Cruiser za miaka ya 80 au Corolla za mwanzoni mwa 90, ukifungua boneti utaona upande wa chanya wa betri kuna kipande kifupi cha waya kinachoungana na waya mkuu wa gari. Hiyo ni fyuzi. Haina kioo wala plastiki ya rangi kama zile za kwenye boksi, ndio maana watu wanaipita tu. Kazi yake ni kufa kabla ya wenzake. Kawaida inatengenezwa nyembamba kwa saizi nne kuliko waya inaoulinda, yaani shaba yake ni kama asilimia 40 tu ya mwenzake. Na umeme ukiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Kwa hiyo pale pembamba ndipo panayeyuka, na ganda lake ni la aina isiyoshika moto kirahisi, linavimba na kutoa malengelenge basi.

Sasa ikiungua, fundi wetu anafanyaje? Anakata waya wa nyumba, ule wa kuvutia taa sebuleni, anaunga dairekti. Wengine wanaukunja mara mbili kabisa eti "isiungue tena". Jamani! Hiyo kweli haiungui. Siku shoti ikirudi, kinachoungua ni waya mwembamba unaofuata, na huo uko nyuma ya dashibodi, jirani na zulia na sponji za viti. Betri ya kawaida ya volti 12 ikipigwa shoti inasukuma mamia ya ampea. Haiangalii umebeba nani.

Na kwetu tunabeba. Probox watu wanane, nyuma kuna gunia la maharage, na dumu la petroli juu yake kwa sababu huko mbele mafuta hayaaminiki. Mlango wa nyuma mpaka mtu wa nje aufungue. Trafiki akisimamisha anauliza leseni na mtungi wa kuzimia moto (ambao nao wengine wanaununua kwa ajili yake yeye, si kwa ajili ya moto). Sijawahi kumwona yeyote akifungua boneti kuangalia betri.

Tena magari yetu yamekomaa kwenye rasta. Lami imekuwa ikiingia kipande kwa kipande, lakini miaka mingi barabara ya Kasulu, Makere mpaka Kibondo ilikuwa vumbi na mtikisiko. Mtikisiko ndio unaosugua waya kwenye bodi mpaka ganda linaisha, shaba inagusa chuma, shoti hiyo. Ongeza na wale wanaobusti betri iliyolala huku wamegeuza chanya na hasi, altaneta nayo inaumia. Fyuzi haiungui kwa kuzeeka tu, mara nyingi kuna kitu kimeiunguza. Ukibadilisha bila kutafuta hicho kitu umefanya kazi ya bure.

Sisemi mafundi wetu ni wajinga. Mtu gari limezima saa kumi na mbili jioni katikati ya pori, ndani kuna mama mjamzito, akiunga waya wowote uliopo ili wafike, mimi nitamshikia tochi. Lakini ukifika Kasulu, kesho yake asubuhi, kitoe! Tatizo letu ni kwamba cha dharura kinakaa miaka mitano, na gari linauzwa nacho.

Kuikagua ni dakika mbili. Zima gari, fungua hasi ya betri kwanza, spana namba 10 inatosha kwa Toyota nyingi. Kisha vuta kile kipande taratibu: kikinyooka kama mpira, shaba ya ndani imeshakatika hata kama ganda ni zima. Kipya kiwe saizi ileile na urefu uleule, na maungio yabanwe vizuri, sio kuzungushia solotepu. Rangi ya ganda huwa inaonyesha saizi, kwa hiyo usiokote tu chochote. Ukikosa dukani, kwenye magari mabovu gereji kipo, mradi kiwe cha saizi ileile na kizima. Au mwambie fundi afunge kishikio cha fyuzi ya kukaza kwa nati, ya ampea zinazolingana na waya wako, hizo ndizo magari mapya zaidi yanatumia.

Na wewe mwenye gari, ukiambiwa bei, usiseme "weka tu waya wowote nitakuja siku nyingine". Fundi mwingi anaunga dairekti kwa sababu mwenye gari ndiye aliyemwambia hivyo.