Kilichoshonoka na Kilichooza

Nina hoja kuhusu mabuti ya mlimani, na naomba isipuuzwe kwa kuwa imetoka miguuni. Huku Njombe, kukarabati mabuti au kununua mengine si suala la anasa. Juni na Julai baridi huuma, na wakati wa mvua matope ya njia za Kipengere humvua mtu kiatu. Anayepanda huko kwa soli isiyo na meno anauhatarisha mguu wake.

Mabuti yangu yalipoanza kuachama, rafiki yangu wa Makambako alinishauri niyatupe. Hoja yake haikuwa dhaifu. Pale Makambako ndipo barabara ya Songea inapoungana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya, na reli ya TAZARA inapita hapohapo, mtumba hauadimiki. Akanikumbusha kwamba kipya kinyemi. Nikamkumbusha nusu ya pili ya methali hiyo: ingawa kidonda. Buti lisilouzoea mguu huleta malengelenge kabla hujafika nusu ya mlima.

Fundi viatu wa Njombe hakuuliza umri wa mabuti. Aliyakunja, akayabonyeza, akasema: hapa pameshonoka, hapa pamebanduka, soli imelika, ngozi haijaoza.

Katika vitenzi hivyo vinne naiona kanuni nzima. Kushonoka na kubanduka vimetokana na kauli ya kutendua: shona, shonoa, shonoka, bandika, bandua, banduka. Lugha yenyewe inatuambia kwamba kilichotenduliwa kiliwahi kutendwa, na chaweza kutendwa tena. Uzi na gundi vinatosha. Kulika ni habari nyingine: soli iliyolika hairudi, lakini hubadilishwa peke yake na buti likabaki. Kuoza hakuna kinyume chake. Ngozi ikioza, au ikipasuka pale vidole vinapojikunja, tafuta mengine bila majuto.

Tahadhari hiyo yauhusu mtumba pia. Mabuti mengi ya kisasa yana tabaka la poliurethani juu ya soli, nalo huharibiwa na unyevu polepole hata yakiwa yamehifadhiwa bila kuvaliwa. Buti laweza kung'aa juu huku ndani linamomonyoka. Libonyeze na ulikunje kabla ya kutoa fedha.

Ninacholalamikia ni neno letu moja la haraka: "yamekwisha." Tunalitamka juu ya kilichoshonoka, kilicholika na kilichooza, kana kwamba ni kitu kimoja. Neno hilo hutoboa mfuko wa mnunuzi, humnyima fundi riziki, na hutupokonya msamiati ambao yeye bado anautumia kila siku kwa usahihi kuliko wengi wetu tuliosoma sarufi.

Nasi washairi tuna mazoea hayohayo. Ubeti uliopungukiwa mizani umeshonoka tu. Ukae nao, uushone. Kina kilichochoka kimelika. Kibadilishe, uache mengine yalivyo. Lakini wazo likiwa limeoza, vina vizuri haviliponyi.

Mimi nimetia soli mpya, kwa gharama isiyofika nusu ya bei ya mabuti mengine. Nawe, kabla hujatupa chako, kiwe kiatu au shairi, tafuta kwanza kitenzi kinachokistahili.