Kabla Hujavua, Soma Karatasi

Muhula uliopita bumu lilichelewa wiki tatu. Wanachuo wenzangu mnajua maana yake: chai ya rangi asubuhi, mihogo mchana, usiku unawahi kulala ili njaa isikukute macho. Ndipo dada mmoja wa hosteli yetu akaniambia kuna mpiga picha anatafuta modo, laki moja na nusu kwa saa mbili. "Ila ni picha za sanaa," akasema, akashusha sauti. Nikaelewa. Picha za utupu.

Najua wapo watakaofunua ukurasa mwingine hapa hapa. Mwalimu mtarajiwa anaandika nini haya? Sina ugomvi na anayeikataa kazi hii kwa dini yake au malezi yake, na mama yangu ni mmoja wao. Lakini tusidanganyane, ofa hizi zinazunguka humu chuoni, kwa wasichana na hata kwa wavulana wenye vifua, na wengi wanaozipokea hawana wa kumuuliza kwa sababu wanaona aibu. Aibu hiyo ndiyo mtaji wa matapeli.

Nilienda. Nilimchukua na rafiki yangu. Jamaa alipomwona akanuna: "Msindikizaji wa nini? Atakuondolea kujiamini." Halafu akanipa karatasi mbili za Kiingereza, nisaini haraka kabla mwanga haujapotea. Kwenye simu tulikubaliana mgongo tu, sura isionekane. Kwenye karatasi, mgongo haukutajwa popote. Kilichoandikwa ni kwamba picha ni zake, atazitumia popote, kwa lolote, milele. Nikamwuliza zitaenda wapi. "We tulia, ni za kumbukumbu zangu tu." Nikamwomba basi akate ile sentensi kwa kalamu. Akagoma. Tukaondoka, na nauli tukajilipia wenyewe.

Njiani nilijiona mshamba. Laki na nusu jamani! Nilipotulia nikaanza kusoma wenzetu wanafanyaje, nikakuta nilichoomba si ushamba hata kidogo. Januari 2018, baada ya wanamitindo kulalamikia unyanyasaji kwenye kazi za picha, kampuni ya Condé Nast inayochapisha jarida la Vogue ilitoa mwongozo wake: picha yoyote ya utupu lazima modo awe ameikubali kabla ya siku ya kazi, na ikashauri modo asiachwe peke yake na mpiga picha. Hao ni Vogue. Sasa huyu wa chumba cha kupanga, mwenye taa moja na pazia jeusi, anakasirikia nini nikija na rafiki?

Hata kwenye vyuo vya sanaa vya Ulaya, ambako kuchora mwili mtupu ni somo la miaka mingi, kuna utaratibu unaojulikana. Modo anabadilisha nguo faragha, anatoka na joho (kwetu ingekuwa khanga), analivua akishakaa kwenye nafasi yake na kulivaa tena kila mapumziko. Hakuna anayemgusa. Simu za kupiga picha haziruhusiwi. Mimi niliwahi kuchorwa na marafiki wa idara ya sanaa, nikiwa nimevaa, na nawaambia dakika ishirini bila kusogea mguu ni kazi ya jasho. Inastahili heshima kama kazi nyingine.

Ila mchoro na picha si kitu kimoja. Mchoro unabaki ukutani, picha inasafiri. Na hapa Tanzania ikisafiri inakutana na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kifungu cha 14 kinamhusu anayechapisha, au kusababisha kuchapishwa, picha za ngono mtandaoni: faini isiyopungua milioni 20, au jela isiyopungua miaka 7, au vyote viwili. Wewe unaamini ni sanaa, sawa. Mpelelezi aliyeshika simu yako naye ataona sanaa? Na kama ulisaini kwamba picha iende popote, utajitetea vipi kwamba hukuruhusu? Sisi wa ualimu tuna la ziada. Kidato cha pili wakipata picha ya mwalimu wao, hawatauliza ilipigwa mwaka gani.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: anayetaka kufanya, afanye akiwa na maandishi. Nini kitaonekana na nini hakitaonekana. Zitakwenda wapi, mtandaoni au la. Malipo kiasi gani na lini. Haki ya kusema basi katikati ya kazi. Nakala yako uondoke nayo siku hiyo hiyo. Asiyetaka kuandika, mwache na kamera yake. (Na soda aliyoifungua yeye, usinywe.)

Naelekeza ombi kwa Waziri wa Sheria wa serikali yetu ya wanafunzi. Mna wanafunzi wa sheria wa mwaka wa nne wanaotafuta mazoezi. Waandike mkataba wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, uwekwe pale ofisini mtu auchukue bila kuulizwa jina wala anaupeleka wapi. Yule dada wa hosteli alikwenda kwa yule yule mpiga picha wiki moja baada yangu. Alisaini. Mpaka leo hajui picha zake ziko wapi, na malipo ya pili bado anayasubiri.