Mkahawa Usio na Sauti: Mchezo wa Tarakilishi na Sajili ya Hotelini Mjini Voi

Katika Kiswahili cha darasani nchini Kenya, saiba huitwa mkahawa wa mtandao, ijapokuwa humo hamnywewi kahawa. Mjini Voi, kijana anaweza kuketi katika mkahawa huo, alipie dakika zake, afungue kivinjari na kuanza kuendesha mkahawa mwingine ambao nao hauna kahawa. Wateja wa katuni wanaingia mmoja mmoja; anawapokea, anawapikia, anawapelekea sahani zao na kupokea bakshishi. Hatua chache kutoka alipoketi, hoteli za madereva na abiria zimejaa watu wanaoagiza chakula kwa Kiswahili cha kila namna. Wapo wahadhiri ambao wakiiona hali hiyo hulalamikia muda unaopotea. Lalamiko hilo lina ukweli wake, lakini linapita kando ya jambo ambalo lingestahili kumshughulisha mwanafunzi wa Kiswahili kwanza: katika ule mkahawa wa kwenye skrini, hakuna anayesema neno.

Michezo ya aina hii ina historia yake. Mwaka 2004 ulitoka mchezo uitwao Diner Dash, wa mwanamke Flo aliyeacha kazi ya ofisini ili afungue mkahawa. Subira ya mteja huonyeshwa kwa mioyo, na kila anapocheleweshwa mioyo hiyo hupungua. Mwaka 2007 kampuni ya Flipline Studios ya Marekani ilitoa Papa's Pizzeria, mchezo uliochezwa bila malipo katika kivinjari. Mchezaji ni kijana Roy aliyeachiwa duka la piza. Achukue oda, apange viungo, aoke, akate, kisha mteja amtoze au amtuze kwa asilimia katika kila hatua. Mwaka 2009 ukaja Restaurant City ndani ya Facebook. Mwaka uo huo Facebook yenyewe ilianza kupatikana kwa Kiswahili, hivi kwamba mtumiaji aliweza kufungua ukurasa wake kwa Kiswahili sanifu, kisha akaingia katika mkahawa wa Kiingereza. (Neno bure nalo litumiwe kwa tahadhari. Saiba hulipiwa, bando la simu hulipiwa, na matangazo ya biashara nayo yana haki zake.)

Mteja wa Papa's Pizzeria akiagiza, oda yake hutokea kwenye karatasi kama picha: uyoga upande huu, vitunguu upande ule. Hasemi "naomba", hasemi "nipe". Mhudumu hahitaji kujua kama mgeni wake ni mzee au kijana, jirani au mpita njia, na wala hahitaji kumwamkia. Adabu yote ya kumkaribisha mtu mezani imegeuzwa kuwa mbio za saa.

Sasa ulinganishwe mkahawa huo na hoteli ya Voi. Mji huu uko njiani kati ya Nairobi na Mombasa, na hapo ndipo inapochepuka barabara ya Mwatate na Taveta, hadi mpaka wa Tanzania huko Holili. Reli ya zamani ilifika hapo mwishoni mwa karne ya 19, ile ya SGR ikaanza kubeba abiria mwaka 2017, na lango la mbuga ya Tsavo Mashariki halimo mbali. Kwa hiyo meza moja huweza kukaliwa na watu ambao hawana la kuwakutanisha ila njaa. Dereva wa lori kutoka Mombasa anataka mahamri na mbaazi. Mfanyabiashara aliyevuka Holili anasema, "Naomba chai." Kijana wa Nairobi anasema, "Leta chapo mbili na madondo." Mama aliyeteremka kutoka Wundanyi na mboga zake anauliza kama kimanga kimesalia. Mhudumu huwajibu wote hao katika dakika moja, kila mmoja kwa namna yake, kisha hugeukia jikoni na kupaza sauti: "Wali maharagwe mmoja! Chai mbili, moja kavu!" Akirudi na sahani huuliza, "Ugali matumbo ni nani?" Na mtu mzima, mwenye staha zake na pengine wajukuu, hujibu bila kusita kwamba yeye ndiye ugali matumbo.

Kila aliyepitia shule ya upili nchini Kenya ameyasoma haya chini ya isimujamii: sajili ya hotelini. Sifa zake hukaririwa kama sala. Sentensi ni fupi, ndimi huchanganywa, msamiati ni wa vyakula, mteja hurejelewa kwa kile alichoagiza. Mfano wa "nani kuku?" umerithishwa kutoka mwongozo hadi mwongozo, mpaka ikawa kana kwamba hoteli zote za Kenya ni chumba kimoja chenye kuku mmoja. Ni mara chache mwanafunzi hutumwa akaketi, tuseme, Voi kuanzia alfajiri hadi usiku, asikilize jinsi "nipe" ya mtu wa bara inavyopokewa na mhudumu Mdawida, au jinsi "naomba" inavyobadilisha hata mwendo wa anayeleta chai. Hapo ndipo ubaya ulipo. Wataalamu wa Kiswahili hawana haki ya kuucheka mkahawa bubu wa tarakilishi ikiwa wa vitabuni mwao nao umebaki na sentensi nne tu za kusema.

Swali lingine ni kama mchezo huo ni fasihi hata uzungumzwe katika jarida kama hili. Mtaala wa fasihi simulizi umekwisha kulijibu, maana umeiweka michezo ya watoto katika kundi la maigizo. Watoto wanaopika udongo ndani ya kifuu, wakicheza kalongolongo, wanafanya kazi ile ile ya Roy na Flo. Tofauti ni kwamba wao husema. Mmoja huwa mama, mmoja huwa mgeni, na mgeni huambiwa akaribie, aketi, awie radhi maana chakula hakijaiva. Katika maneno hayo ya kuazima ndimo mtoto anamojifunza kuishi na watu. Mchezo wa kivinjari umeurithi upishi wa udongo ukayaacha mazungumzo.

Na michezo hiyo hufa. Restaurant City ilifungwa mwaka 2012. Tarehe 31 Desemba 2020 kampuni ya Adobe iliacha kuitegemeza teknolojia ya Flash, iliyobeba Papa's Pizzeria na maelfu ya michezo mingine, na vivinjari vikaiondoa. Hata hivyo, wapenzi wake hawakukaa wakalia. Tangu mwaka 2018 watu wa kujitolea wamekuwa wakiikusanya katika mradi uitwao Flashpoint, na mwezi Novemba 2020 Internet Archive nayo ikaanza kuihifadhi katika hali ya kuweza kuchezwa. Wenye mikahawa bubu wamejijengea ghala. Mazungumzo ya hotelini Voi hayana ghala, na abiria wa SGR anayekwenda Mombasa kwa treni ya moja kwa moja hana nafasi ya kushuka kuyasikia.

Idara za Kiswahili zina la kufanya, na halihitaji fedha nyingi. Tangu mwaka 2009 kuna programu iitwayo Twine, isiyolipiwa, ambayo humwezesha mwandishi asiyejua kuandika msimbo kutunga hadithi ya kuchagua njia na kuichezesha katika kivinjari. Mwanafunzi wa uzamili aruhusiwe kwenda Voi au Taveta, akusanye sajili ilivyo, kisha aiwasilishe kama mchezo wa mkahawa pamoja na uhakiki wake, badala ya kutunga tamthilia ya tano juu ya ufisadi wa diwani. Watakuwapo watakaouliza mchezo huo utasahihishwaje. Usahihishwe kwa mazungumzo yake, kama tamthilia inavyosahihishwa. Watakuwapo pia watakaohofia kwamba chapo na madondo vitakiharibu Kiswahili sanifu. Lakini ni riwaya ipi iliyowahi kukatazwa kumpa manamba wa matatu ulimi wake? Usanifu utakuwamo mkahawani kama mteja mmojawapo, na ataagiza chake.

Mteja wa kwanza anaweza kuwa yule mama wa Wundanyi. Anaingia, anatua kikapu, anaketi. Kwenye skrini mchezaji ana majibu matatu: kumwuliza anataka nini, kumpa shikamoo kabla ya lolote, au kumwekea orodha ya vyakula mbele yake na kwenda zake. Mwandishi wa mchezo atalazimika kujua ni lipi kati ya hayo litakalomfanya mama ajitwike kikapu chake na kuvuka barabara kwenda hoteli ya jirani.