MAZUNGUMZO YA KARANI: Habari Iliyolala Siku Tatu



Jumatatu iliyopita mzee mmoja alifika ofisini kwangu kuleta habari ya mgonjwa. Nilipomwuliza nyumba, alijibu, "Pale penye mwembe ulioanguka, ukishapita kwa marehemu fundi." Sikumwuliza zaidi. Niliandika katika daftari la wagonjwa, akaenda zake. Mimi ni mzaliwa wa hapa, na mwembe ule naujua tangu ulipokuwa umesimama. Lakini hebu fikiri: kama mzee yule angeyasema maneno yayo hayo katika simu, kwa karani wa mbali asiyepata kufika kwetu hata siku moja, yangalimfaa nini?

Nawaza hayo kwa sababu ya habari za polisi wa Uskoti, nchi iliyo upande wa kaskazini wa kisiwa kile kikubwa cha Waingereza. Watu wake ni kama milioni 5 na nusu. Wengi wao wanakaa katika miji ya katikati ya nchi, kama Glasgow na Edinburgh, na wengine wametawanyika milimani na visiwani, katika vijiji vilivyo mbali mbali.

Zamani nchi ile ilikuwa na majeshi 8 ya polisi. Kila jeshi lilikuwa na mkuu wake na desturi zake. Aliyekaa Inverness alilinda milima ya kaskazini na visiwa. Fife ilikuwa na lake, watu wa Stirling na lao. Fedha zilipopungua serikalini, watu wakaanza kuuliza: ya nini wakuu 8, na ofisi 8 za kulipa mishahara, na mitambo 8 isiyosikilizana? Sheria ikapitishwa mwaka 2012, na tarehe 1 Aprili 2013 majeshi yote 8 yakawa moja, chini ya mkuu mmoja, lenye askari kama 17,000. Ilitazamiwa kwamba hadi mwaka 2026 ingepatikana akiba ya pauni bilioni 1.1.

Usidhani walikuwa wajinga. Mtu akiuawa katika kisiwa kidogo, askari wawili watatu wa pale hawana maarifa ya kupeleleza jambo zito kama hilo. Jeshi moja laweza kuwapelekea wapelelezi hodari bila kuombana ruhusa. Tena sheria yenyewe iliagiza kwamba eneo la kila halmashauri, nazo ni 32, liwe na kamanda wake, na kwamba kamanda huyo ashauriane na halmashauri juu ya mpango wa ulinzi wa mahali pale. Katika karatasi, basi, jirani hakusahauliwa.

Lakini desturi haziandikwi zote katika karatasi. Mkuu wa kwanza wa jeshi jipya alitoka upande wa Glasgow, penye jeshi lililokuwa kubwa kuliko yote, na mambo ya mji mkubwa yakaanza kusafiri kwenda vijijini. Mwaka 2014 watu wa Inverness na milima ya kaskazini walishangaa kuwaona askari wenye bastola kiunoni katika kazi za kila siku, hata madukani. Huko askari wa kawaida hachukui silaha, naye hujulikana kwa jina na kwa ukoo. Wakanung'unika sana, wabunge wakasema, na mwezi wa Oktoba mwaka huo huo ikaamriwa kwamba hao wenye silaha watumwe tu penye hatari ya bunduki au ya kifo. Waona, neno la wenyeji lilisikiwa, ila kwa kelele, na baada ya miezi. Zamani wangalimwendea mkuu wao pale pale Inverness. Mwaka huo huo meza nyingi za kupokelea watu katika vituo vya polisi zilifungwa.

Ndipo ikaja zamu ya simu, nami hapa nataka tukae kidogo.

Kila jeshi la zamani lilikuwa na chumba chake cha kupokea simu za wananchi. Sasa ikaonekana vyumba vingi ni gharama, bora simu za watu ziingie katika vituo vichache vikubwa. Chumba cha Stirling kilifungwa mapema mwaka 2015, na simu za upande ule zikaelekezwa Bilston Glen, karibu na Edinburgh.

Jumapili tarehe 5 Julai 2015, mtu mmoja aliona gari chini ya ukingo wa barabara kuu ya M9, karibu na Stirling. Alifanya kama wewe na mimi tungetaka jirani yetu afanye: akapiga simu polisi. Aliyeipokea kule Bilston Glen alikuwa sajini, mtu mzoefu wa kazi, aliyekuwa akifanya saa za ziada. Aliandika habari ile katika kijitabu chake. Katika mtambo wa kompyuta, ambao ndio humwita askari atoke, hakuiingiza. Basi hakuna aliyetoka.

Ndani ya gari walikuwamo kijana mwanamume na mama kijana wa miaka 25. Ndugu zao walikuwa wakiwatafuta huku na huku. Jumatano, baada ya mtu mwingine kupiga simu, ndipo askari walipofika. Mwanamume alikuwa amekwisha kufa. Yule mama alikuwa hai. Alikuwa amelala mle siku tatu, ameumia vibaya. Alikufa hospitalini Glasgow tarehe 12 Julai, akaacha watoto.

Labda utasema kosa ni la sajini. Mimi ni karani, na neno hilo linanichoma, kwa maana hakuna karani asiyepata kuandika jambo pembeni aje alinakili baadaye. Naona swali kubwa ni jingine: habari ikisahauliwa, nani ataigundua? Katika chumba kidogo cha mahali, kwa fikira zangu, mwenzako wa meza ya pili anaijua barabara ile, naye atakuuliza, "Lile gari limeishia wapi?" Katika chumba kikubwa chenye simu za nusu ya nchi hakuna anayengojea jibu lake. Penye wageni watupu inafaa mtambo uulize badala ya jirani, na mtambo huo uwe tayari kabla ya kufunga chumba cha zamani. Wakaguzi wa serikali waliotumwa baada ya msiba walisema vyumba vya kaskazini visifungwe kwanza, mpaka vituo vikubwa viwe na watu wa kutosha. Naam, lakini cha Stirling kilikuwa kimekwisha kufungwa.

Mwezi wa Septemba 2021 jeshi la polisi lilisimama katika Mahakama Kuu ya Edinburgh, likakiri kwamba halikuwa na utaratibu wa kutosha wa kupokea simu, na kwamba kosa hilo lilichangia kifo cha yule mama. Likatozwa faini ya pauni 100,000. Fedha za polisi ni kodi za wananchi. Kwa hiyo hata yule aliyepiga simu Jumapili ile, kama alipa kodi, naye alichangia faini.

Mzee wangu wa mwembe alirudi Alhamisi. Hakuwa na shida, alitaka kujua tu kama habari yake ilifika. Nilimfungulia daftari. Alivaa miwani, akasoma jina la mgonjwa, akasoma na siku Padre aliyokwenda, akanipa mkono.