Pointi za Makerere na binti wa Owino

KAMPALA: Mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwaongezea wasichana pointi 1.5 katika udahili, na idadi yao ikapanda. Lakini pointi hizo hutazama jinsia peke yake. Binti wa waziri na binti wa mama anayeuza mitumba Owino huongezewa sawa, hata kama mmoja kasoma bweni la gharama na mwingine alirudishwa nyumbani kwa kukosa karo.

Mwaka 1989 mwanasheria Mmarekani Kimberlé Crenshaw alionyesha jinsi ubaguzi wa rangi na wa jinsia unavyomkuta mtu mmoja kwa pamoja. Owino, umaskini ndio unaoungana na jinsia. Udahili usipopima pia kipato cha nyumbani, mlango uliofunguliwa utaendelea kupitisha waliokwisha kufika barazani.